Choquequirao kwa miguu: maswali mnayoulizaga kila wiki, na majibu yake yote

Haya maswali yanakuja kwa meseji karibu kila siku, mengine usiku wa manane, na nimechoka kukopi na kupesti majibu yale yale kwahiyo nimeyaweka yote hapa. Nimeanzia kazi ya safari za mlimani Kilimanjaro, kwahiyo msishangae nikilinganisha na mlima wetu kila mara, ndo kipimo ambacho wengi wenu mnakielewa.

Choquequirao ni nini hasa, iko wapi?

Ni magofu ya mji wa Wainka, dola iliyotawala milima ya Andes kabla ya Wahispania kufika, huko Peru, mkoa wa Cusco, kwenye safu ya milima ya Vilcabamba. Yamekaa juu ya mgongo wa mlima kwenye mita kama 3,050 hivi kutoka usawa wa bahari, alafu chini yake, yani ukiangalia chini mpaka kizunguzungu, kilomita moja na nusu kwenda chini, unapita mto Apurímac. Wengi mnaijua Machu Picchu, ule mji maarufu wa Wainka, na hii wanaiitaga mdogo wake, mimi naona wanaipunja maana eneo lake ni kubwa sana na sehemu kubwa bado imefunikwa na msitu, hawajachimba hata nusu. Hakuna treni, hakuna basi, barabara haifiki. Unaenda kwa miguu yako au juu ya nyumbu (yule mtoto wa punda na farasi, sio wale wa Serengeti), basi. Kule Peru wameongelea kebokaa ya kuvuka lile korongo zaidi ya miaka kumi sasa, kama sisi tulivobishana kuhusu ya Kilimanjaro, ila mpaka leo watu wanatembea.

Matokeo yake ni kwamba Machu Picchu inapokea maelfu ya watu kwa siku na huku unaweza kukaa kwenye uwanja mkuu asubuhi mko watu kumi, au mko wenyewe.

Nani alijenga, na Wazungu "waligundua" lini?

Waliojenga ni Wainka, karne ya 15, enzi ya mfalme Pachacuti na mwanae Túpac Inca Yupanqui ndo wataalamu wengi wanakoelekea. Wahispania waliingia mji wa Cusco mwaka 1533, na mwaka 1536 Manco Inca, mfalme wa Wainka, akawageuka, akauzingira mji, aliposhindwa akakimbilia huku huku milima ya Vilcabamba na ukoo wake ukaendelea kutawala msituni mpaka 1572, mwaka ambao Túpac Amaru, mfalme wao wa mwisho, alikamatwa akauawa hadharani Cusco. Kwahiyo hii milima unayotembea ndo ilikuwa maficho ya mwisho ya ile dola.

Kuhusu kugundua: wenyeji hawajawahi kupotelewa na huu mji. Mfaransa Eugène de Sartiges alifika 1834, Mfaransa mwingine, Angrand, akafuata 1847, na yule Mmarekani Hiram Bingham aliyeitangaza Machu Picchu alipita hapa kwanza, mwaka 1909, miaka miwili kabla ya kule kulikompa jina. Na alipofika alikuta waliomtangulia wameandika majina yao na miaka kwenye vibao vya mawe ndani ya nyumba, walikuja kutafuta dhahabu hao, kwahiyo hata yeye alikuta kitabu cha wageni kimeshajaa.

Nimeshapanda Kilimanjaro mpaka Uhuru, hii si itakuwa mteremko tu?

Mteremko ndo tatizo lenyewe ndugu yangu. Hili swali nalijibu kwa urefu kwa sababu wanaoumia kwenye hii njia mara nyingi ni hawa hawa waliozoea milima, wanakuja na kiburi.

Kilimanjaro unaanza chini unapanda, siku zote ni kupanda, alafu siku ya mwisho mnashuka wote mnakimbilia Mweka mnaenda kula kuku. Huku ni kinyume. Unaanzia juu, sehemu inaitwa Capuliyoc, mita kama 2,900. Unashuka mpaka mtoni, Playa Rosalina, mita kama 1,500. Unavuka daraja, alafu unapanda tena mpaka kijiji cha Marampata ambacho kiko mita 2,900 na ushee, yani umerudi urefu ule ule ulioanzia, ila sasa uko ng'ambo. Unaiona kabisa Capuliyoc pale upande wa pili, gari lililokuleta unaweza kuliona kama punje. Alafu siku ya kurudi unafanya yote tena kwa kurudia nyuma. Ukijumlisha ni karibu mita 3,000 za kupanda na karibu mita 3,000 za kushuka, ndani ya siku nne, kwenye njia ya kona kona yenye vumbi na kokoto zinazoteleza.

Alafu joto. Watu wanaona neno Andes wanabeba majaketi kumi. Kule chini mtoni saa saba mchana ni joto la Dodoma mwezi wa kumi, ukuta wa mlima unarudisha jua usoni, kivuli hakuna, cactus tu. Magoti yanauma kwa kushuka, kichwa kinauma kwa jua, na maji umeyamaliza. Hapo altitudi, yani mwinuko, haijakugusa hata kidogo, ni korongo tu linakupiga.

Ndo maana muongozaji anayejua kazi anakuamsha saa tisa au kumi usiku siku ya pili. Mnatoka kambini na tochi za kichwani, kengele za nyumbu ziko mbele yenu gizani, mnavuka daraja kabla hakujapambazuka na mnaanza kupanda wakati ukuta wote bado uko kwenye kivuli. Jua likiwafikia muwe mmeshapita Santa Rosa, pale kuna familia wanauza juisi ya miwa na soda ya njano inaitwa Inca Kola, tamu kama bigijii, asubuhi hiyo utaipenda. Kundi ambalo linakunywa chai mpaka saa mbili asubuhi ndo utalikuta saa saba limekaa chini ya jiwe moja watu wanane wanagombania kivuli.

Sasa ratiba ya siku nne inakuwaje?

Siku ya kwanza mnatoka Cusco alfajiri, gari masaa manne mpaka matano, mnapita Curahuasi, mnakata kuelekea kijiji cha Cachora alafu Capuliyoc. Njiani kabla ya Cachora kuna jiwe la Saywite, jiwe moja kubwa limechongwa juu yake wanyama, ngazi, mifereji, vitu zaidi ya 200, mwambieni dereva asimame, ni nusu saa tu. Mchana mnashuka mpaka kambi ya Chiquisca. Siku ya pili ni ile niliyoeleza. Siku ya tatu magofu, kutoka Marampata ni kama saa moja na nusu mpaka mbili za kutembea, alafu jioni mnaanza kurudi. Siku ya nne mnamalizia kupanda Capuliyoc na gari.

Mimi nawaambiaga chukueni siku tano. Siku nne inamaanisha siku ya magofu mnaangalia saa kila dakika, na huwezi kuvuka dunia nzima kutoka Dar au Mombasa alafu ukaone sehemu uliyoifuata kwa masaa matatu. Siku moja ya ziada kule juu inabadilisha safari nzima, bei inaongezeka kidogo tu.

Hao lama wa mawe wako wapi, maana nimeona picha?

Swali zuri, na wengine wanaenda wanarudi bila kuwaona kwa sababu ya haraka. Lama ni mnyama wa kufugwa wa Andes, kama ngamia mdogo asiye na nundu. Wako upande mwingine wa mlima, chini ya uwanja mkuu, unashuka ngazi kali sana. Ni matuta ya kilimo, kuta za mawe ya kijivu zimepangwa moja juu ya nyingine kama ngazi ya majitu, na ndani ya kuta fundi amepachika mawe meupe yanayochora lama, mmoja mmoja, shingo ndefu, miguu minne, wamepangana wanapanda mlima kama kundi linalotoka malishoni. Wako zaidi ya ishirini. Ukisogea karibu unaona ni mawe ya kawaida tu, bapa, meupe, yamekatwa yakae sawa na mengine, mtu asiyejua anapita hapo haoni mnyama. Rudi nyuma kidogo, simama kwenye kibaraza cha kuangalilia, ndo wanatokea. Hakuna sehemu nyingine ya Wainka inayojulikana yenye kitu cha namna hii kwa ukubwa huu, na wanaakiolojia wameijua tangu miaka ya 2000 tu, ilikuwa imefunikwa na pori.

Kushuka na kupanda kunakula masaa mawili au zaidi. Kama unaogopa kimo shika ukuta upande wa ndani, na usiangalie chini, korongo liko pale pale.

Kingine cha kuona ni kile kilima walichokikata kichwa. Kweli, kilele kimesawazishwa kwa mikono kikawa uwanja wa duara, bila chuma, bila gurudumu. Ukisimama pale asubuhi kondori wanapita chini yako, mabawa yake ni kama mita tatu kutoka ncha mpaka ncha.

Altitudi itanisumbua?

Kwenye njia yenyewe sio sana. Itakusumbua Cusco. Cusco mji wenyewe uko mita 3,400, yani ni juu kuliko kambi ya Mandara ya Kilimanjaro na unakaribia ile ya Horombo, na wewe unashuka kwenye ndege ukitokea Lima ambayo iko baharini, saa moja na ushee umefika. Kilimanjaro unapewa siku mbili kufika urefu huo, huku unapewa soda na karanga za ndege. Kichwa kinagonga, usingizi hauji, hata kufunga kamba za viatu unahema.

Dawa yake ni siku. Mkitua pale uwanja wa ndege msilale Cusco, chukueni gari mkashuke bonde takatifu, Urubamba au Ollantaytambo, kule ni mita 2,800 hivi, laleni huko siku mbili ndo mrudi mjini. Pole pole ile ile ya nyumbani inafanya kazi na huku. Vidonge vya Diamox, vile vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ongea na daktari wako kabla ya safari, hasa kama una aleji ya dawa za salfa.

Alafu kuna jambo hakuna mtu anaandikaga na kwa watu wetu ni la muhimu. Selimundu. Mwenye ugonjwa wa selimundu asiende urefu huu bila daktari wake kusema, na mara nyingi atasema hapana. Hata ambaye hana ugonjwa ila amebeba kinasaba cha upande mmoja, wengi wetu tunacho bila kujua, anaweza kupata shida ya bandama kwenye mwinuko. Maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu sio gesi, mwambie muongozaji ushushwe. Kipimo ni cha damu tu, kipime kabla hujalipa nauli.

Na ukipata homa ukiwa Cusco, mwambie daktari wa pale umetokea nchi yenye malaria. Wao watafikiria mwinuko au tumbo, malaria haitawajia kichwani haraka.

Majani ya koka, ni halali? Nitalewa?

Hulewi. Peru ni halali kabisa, utapewa chai yake hotelini, na wenyeji wanatafuna kutwa nzima, njiani watu wanaoswaga nyumbu wanakukaribisha kiganja cha majani kama sisi tunavokaribisha kahawa. Kinachochangamka ni kidogo tu. LAKINI, na hapa wale mnaofanya kazi Oman, Dubai, Qatar, au madereva wa malori Marekani mnaopimwa mkojo kazini, sikilizeni: chai ya koka inaweza kutokea kwenye kipimo kama kokeini. Kikombe kimoja tu kinatosha kukuharibia. Na usibebe hata jani moja wala pakiti ya chai kwenye begi la kurudi, nchi nyingi kule nje ya Andes ni dawa ya kulevya. Kwenu ninyi kunyweni chai ya muña, ni majani ya mlimani yananukia kama mnanaa, inasaidia tumbo.

Niende mwezi gani?

Mei mpaka Septemba ni kiangazi chao, mchana jua usiku baridi, kule juu usiku inaweza kushuka mpaka nyuzi tano hivi. Juni 24 Cusco kuna Inti Raymi, mji unafurika na bei za vyumba zinapanda. Desemba mpaka Machi ni mvua, Januari na Februari msijaribu, njia inamomonyoka na mto unajaa, hilo daraja la Playa Rosalina lilishawahi kubebwa na maji na kwa muda mrefu watu walikuwa wanavuka kwenye kikapu kinachoning'inia kwenye waya. Aprili na Oktoba ni bahati nasibu, ila Aprili kijani chake ni kizuri sana.

Nani anabeba mizigo? Kuna wagumu, yani wapagazi, kama kwetu?

Huku mizigo inabebwa na nyumbu. Mwenye nyumbu anaitwa arriero, wengi wanatoka Cachora na vijiji vya njiani, nyumbu ni wake mwenyewe na ndo mtaji wa familia. Kwenye ile njia maarufu ya Wainka kwenda Machu Picchu nyumbu hawaruhusiwi, kule ni wapagazi wa watu, na sheria inasema mwisho kilo 20 kama kwetu, na kama kwetu tu, sheria ni kitu kimoja na mzani wa asubuhi ni kitu kingine.

Mimi nikifika kambini kitu cha kwanza naangalia migongo ya nyumbu. Ikiwa na vidonda chini ya tandiko ujue hiyo safari imeuzwa bei ya kutupwa na aliyefidia ni mnyama. Cha pili naangalia arriero analala wapi. Kama wageni wana mahema na yeye amelala kwenye turubai lililofunikia mizigo, uliza kwa sauti, mbele ya wote. Sisi tunaotoka kwenye kazi hii tukinyamaza nani atauliza?

Tipu mpe mkononi yeye mwenyewe, na kwa soli, hela ya Peru, noti ndogo ndogo, dola kule kijijini ni kumsumbua tu.

Nachaguaje wakala?

Cusco kuna ofisi za utalii kila mlango wa pili na nyingi hazina hata hema, zinakusanya watu na kuwauza kwa wengine. Uliza maswali haya kwa maandishi kabla hujatuma hela: namba yao ya RUC, hiyo ni namba ya mlipakodi na unaweza kuitafuta kwenye tovuti ya SUNAT, mamlaka yao ya kodi, ukaona kama kampuni ipo hai. Wamesajiliwa GERCETUR (zamani DIRCETUR), ofisi ya utalii ya mkoa? Kundi lina watu wangapi mwisho? Muongozaji anaongea lugha gani, kwa sababu wa Kiswahili hakuna, utapata Kiingereza, Kihispania na Kikechua. Nyumbu wa dharura yupo, yani ambaye hana mzigo, wa kumbeba mtu akiumia? Hili la mwisho ndo linawatenganisha, anayejibu haraka anaijua njia, anayejibu "usijali rafiki" mwache.

Msitume hela yote kwanza. Kianzio kidogo, inayobaki mlipe Cusco mkionana uso kwa uso.

Bei gani?

Safari ya siku nne ya kundi na muongozaji, chakula, mahema na nyumbu utaikuta kuanzia dola mia tatu na kitu mpaka mia sita kwa mtu, ya peke yenu inapanda zaidi. Ukikuta ya mia na hamsini rudi juu usome pale nilipoandika migongo ya nyumbu. Kiingilio cha magofu kimekuwa soli 60 kwa mgeni mtu mzima, thibitisha kama kimo kwenye bei au la. Dola moja ni kama soli tatu na nusu. Chukua keshi ya kutosha Cusco kabisa, Cachora usitegemee mashine, na kule njiani maji ya chupa yanapanda bei kadri unavozidi kuingia ndani kwa sababu yamekuja kwa mgongo wa nyumbu.

Lazima muongozaji? Siwezi kwenda mwenyewe?

Unaweza. Sitawadanganya ili muajiri mtu. Ile njia ya Wainka ya Machu Picchu lazima uende na wakala mwenye leseni, vibali ni watu 500 kwa siku pamoja na wafanyakazi wote, vinaisha miezi kabla, na Februari inafungwa. Choquequirao haina kibali cha namna hiyo, njia ni moja na inaonekana, kambi zina familia zinazouza chakula, wapo vijana wanaenda na mabegi yao mgongoni. Ila ukifika kule juu hakuna mabango ya maana, utaona kuta, na kuta bila mtu wa kukuelezea maji yalikuwa yanapita wapi na nani alikaa wapi ni kuta tu. Kama bajeti ni ndogo kodi nyumbu na arriero Cachora, alafu mlipe muongozaji kwa siku ya magofu peke yake. Ukitaka kuvuka kwenda mbele ya Choquequirao hapo mwenyewe sikushauri.

Mbele ya Choquequirao kuna nini?

Hapo sasa ndo utamu. Unaweza kuendelea mpaka Machu Picchu kwa miguu, siku nane hivi. Unatoka Choquequirao unashuka kwenye matuta ya Pinchaunuyoc, yapo peke yake mlimani na maji ya Wainka bado yanatiririka, mnalala hapo. Mnashuka mpaka Río Blanco, kule kuna joto na usubi, mnapanda Maizal, alafu mnavuka kipito cha San Juan juu ya mita 4,000 karibu na machimbo ya zamani, mnashukia Yanama. Kutoka hapo kuna njia tofauti, nyingi zinatokea Llactapata ambako unaiona Machu Picchu kutoka upande ambao watalii wa treni hawauonagi. Tiketi ya Machu Picchu nunueni kabla, ukifika na vumbi la siku nane ukaambiwa zimeisha utalia.

Wanaotaka mbali zaidi kuna Espíritu Pampa, Vilcabamba yenyewe ile ya mwisho, siku tatu nne kutoka Huancacalle kushuka mpaka msitu wa Amazon. Bingham alipita hapo 1911 hakujua ameona nini. Huko ni unyevu, matope na nyoka, sio safari ya kwanza ya mtu.

Chakula? Mimi ni Muislamu.

Wapishi wa kule ni hodari, jiko ni hema na majiko mawili ya gesi alafu inatoka supu ya kinoa, viazi vya aina ambazo hujawahi kuona, wali, maharage, asubuhi uji na mikate ya kukaanga. Nyama ya halali kwenye njia usiitegemee, andika mapema kwamba unakula mboga, mayai na samaki, wamezoea, na sisitiza supu isiwekwe mchemsho wa nyama maana kwao hiyo inaweza kuhesabika kama mboga. Kuna chicha, pombe ya mahindi, watakukaribisha vijijini, kataa kwa tabasamu hawakasiriki. Na kuna simbilisi wa kuchoma, anakuja mzima na meno yake, nawaonya tu. Kibla kutoka Cusco ni mashariki, ukikata kidogo kaskazini.

Vyoo? Na sisi wanawake?

Kambi zina vyoo vya shimo au vya kuvuta maji, usafi unategemea nani alitangulia, Marampata kuna mpaka bafu, maji baridi au ya moto kwa soli kadhaa. Pedi zote beba kutoka Cusco na mifuko ya kurudishia taka. Dada zangu, mwinuko na uchovu vinaweza kuleta hedhi kabla ya tarehe, beba hata kama sio wakati wako. Ukipewa hema na mtu usiyemjua una haki ya kukataa, liulizwe wakati wa kulipia sio saa mbili usiku.

Wadudu je?

Usubi. Kule mtoni wanakula mtu hasa, wadogo huwaoni, kesho yake miguu imevimba madoa mekundu yanawasha wiki nzima. Suruali ndefu na mikono mirefu hata kama ni joto, dawa yenye DEET, usivae kaptula kwa ajili ya picha. Kwenye mabonde ya Peru baadhi ya usubi wanabeba leishmania, kwahiyo ukirudi nyumbani na kidonda kisichopona wiki kadhaa mwambie daktari ulikuwa wapi.

Nibebe nini zaidi?

Fimbo mbili, hizi sio pambo, magoti yako yatakushukuru siku ya kwanza tu. Viatu ambavyo umeshavitembelea, vipya viache. Kofia pana, losheni ya jua hata kwa weusi wetu huu, tunaungua pia. Uwezo wa kubeba lita tatu za maji na vidonge au chujio. Begi la kulalia la nyuzi sifuri linatosha, jaketi moja zito. Cheti cha homa ya manjano, kile cha njano, kibaki kwenye pasi, unaweza kuulizwa hata nchi unayopitia tu.

Viza na ndege kutoka huku kwetu?

Pasi za nchi zetu kwa kawaida zinahitaji viza ya Peru, ulizia ubalozi wao unaohudumia nchi yako kabla hujalipia tiketi, na usisahau viza ya nchi ya kupitia. Ndege wengi wanapitia Ulaya, Amsterdam, Paris au Madrid, wengine Addis kwenda São Paulo alafu Lima. Saa zao ziko nyuma yetu kwa masaa nane. Weka siku mbili za akiba mwishoni, Peru maandamano yanafunga barabara bila kuaga, Januari 2023 hata Machu Picchu ilifungwa.

Nikishindwa kabisa njiani?

Hutakuwa wa kwanza. Helikopta usiihesabu, uokoaji wa kule ni nyumbu mpaka Capuliyoc alafu gari mpaka Abancay au Cusco, bima yako iandike hivo kabisa, kuokolewa mlimani, na sio matibabu ya hospitali tu. Kama ni miguu tu imegoma unaweza kukodi nyumbu wa kupanda kutoka mtoni, wengi wanafanya hivo siku ya kurudi na hakuna anayewacheka. Sema mapema tu, asubuhi, kabla nyumbu wote hawajapakiwa mizigo wakaondoka.

Droni?

Hapana. Kwenye magofu ni marufuku bila kibali cha Wizara ya Utamaduni, na walinzi wa pale wana macho.